Nani Aliweka Mpaka Kwenye Uzio?

Niseme mapema ili tusizungukane: kuitenga tathmini ya nyaya na vituo vya kupozea umeme na tathmini ya bwawa lenyewe, kama ilivyofanyika Rusumo, lilikuwa kosa. Haikuwa bahati mbaya ya mtu aliyechoka. Ulikuwa uamuzi, ukakaa mezani, ukapigwa muhuri, na sasa umegeuka desturi. Kila nikisikia Bujumbura inahitaji vituo vipya vya umeme, na kweli inavihitaji, najua hadidu za rejea zitakatwa kwa mkasi uleule.

Mlioufuatilia mradi ule mnaujua mpangilio. Megawati 80 kwenye mto Kagera, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, za kugawana nchi tatu, nasi Burundi tukiwa mmoja wa wagawanaji. Agosti 2013 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 340 kwa bwawa na mtambo. Kabla mwaka haujaisha, Benki ya Maendeleo ya Afrika ikazibeba nyaya za kilovolti 220 kwenda Kigali, Nyakanazi na Gitega, pamoja na vituo vyake. Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Fedha zina wenyewe, na mwenye fedha huchagua anachokinunua. Ugomvi unaanza pale karatasi za mazingira zilipofuata mifuko: bwawa na mtambo na ripoti yao, nyaya na vituo na ripoti yao. Mto ni mmoja, umeme ni mmoja, lakini vitabu ni viwili.

Tukae hapo kidogo, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Tathmini ya mazingira huamuliwa mapema sana, katika hatua ya kuweka mipaka ya utafiti, kabla mtaalamu wa ndege hajavaa buti na kabla mtaalamu wa udongo hajachimba shimo la kwanza. Mtu anachora mstari kwenye ramani: ndani tutapima, nje hatupimi. Mshauri mwelekezi akija baadaye, hata awe bingwa namna gani, atapima alichochorewa na kulipwa kwa alichochorewa. Ukichora kuzunguka bwawa, nyaya zinakuwa habari ya mradi mwingine. Ukichora kufuata mkuza wa nyaya, kituo kinakuwa nukta mwishoni mwa mstari, na mto uliouzaa umeme huo unabaki kwenye aya ya utangulizi.

Anayeumia kwanza ni sura ya mbadala. Wanaosoma safu hii wanajua naianza ripoti yoyote hapo, kabla ya muhtasari, kwa sababu muhtasari huandikwa na mtu anayetaka kulala. Maswali ya kweli ya kituo cha kupozea umeme ni kwa nini hapa, kwa nini msongo huu, kwa nini kimoja kikubwa badala ya viwili vidogo. Lakini kituo kinakaa mwisho wa waya, waya unaanzia mtamboni, na mtambo umekwisha kuidhinishwa kwa kitabu kingine. Zamu ya kituo inapofika, maswali makubwa yameshajibiwa na watu ambao hawakutumwa kuyauliza. Kinachobaki ni kulinganisha kiwanja cha kwanza na cha pili, vyote upande uleule wa barabara, kisha kukichagua kile ambacho mkandarasi alikwisha kukipenda. Sura nzima, majedwali na rangi za kijani na njano, kwa uamuzi uliofanywa zamani na kwingine.

Halafu kuna mizani. Ni kumpima ng'ombe paja kwa paja, kisha kuapa kwamba sokoni hakupita mnyama mzito. Athari za mtambo: za wastani, zinadhibitika. Athari za mkuza: za wastani, zinadhibitika. Athari za kituo: ndogo. Hakuna ukurasa ambapo mtu mmoja anazijumlisha zote na kuitia jumla hiyo sahihi yake. Juu ya hayo kuna mipaka ya nchi: mamlaka za mazingira, NEMC Tanzania na REMA Rwanda, na wizara yetu hapa, kila mmoja na kibali cha kipande chake. Korongo wenye taji wanaoruka juu ya vinamasi vya Kagera hawana habari waya upi ni wa ripoti ipi.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kanuni ilikuwepo. Sera ya Benki ya Dunia ya tathmini ya mazingira, ile ya mwaka 1999 inayojulikana kwa namba 4.01, ndiyo iliyotumika wakati huo. Inapoeleza eneo linaloguswa na mradi, inazitaja njia za nyaya za umeme kwa jina, pamoja na barabara za kuingilia, mashimo ya kuchimba kifusi na kambi za wajenzi. Imeandikwa, haihitaji mkalimani. Mfumo mpya wa benki hiyo ulioanza kutumika Oktoba 2018 ukaongeza kipengele cha miundombinu inayoambatana na mradi: kama kitu kinahusiana moja kwa moja na mradi, kinajengwa wakati mmoja nao, na kisingejengwa kama mradi usingekuwepo, basi ni chako, hata kama kinalipiwa na mwingine. Watetezi watasema ripoti zote mbili zipo na zilitolewa hadharani. Zipo. Vitabu viwili vilivyolala rafu moja havijawa kitabu kimoja.

Niupe mradi wa Rusumo haki yake: kuachana na bwawa kubwa na kuchagua mtambo unaotumia mto unavyopita kulipunguza sana ardhi ya kufurikwa na kaya za kuhamishwa. Uamuzi mzuri. Tuendelee.

Uganda walishatuonyesha mkato huu unaishia wapi. Mradi wa umeme wa Bujagali ulipewa ripoti mbili Desemba 2006: moja ya bwawa, nyingine ya nyaya na kituo kipya cha Kawanda, huku mkuza ukikatiza msitu wa Mabira na kinamasi cha Lubigi nje kidogo ya Kampala. Machi 2007 malalamiko yakafika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, yakiongozwa na chama cha wanamazingira cha NAPE. Jopo lilitoa ripoti yake 2008, na moja ya mambo lililoyakosoa ni jinsi athari limbikizi zilivyopimwa kwa ufinyu. Mwaka 2008! Miaka mitano kabla ya Rusumo kuidhinishwa. Funzo lilikuwa jirani, kwa mkopeshaji yuleyule, na bado mkasi ukatolewa tena.

Sasa nitaambiwa nawaabudu wazee. Sawa. Mtambo wa umeme wa maji wa Ruzizi II ulipoanza kazi mwaka 1989, SINELAC, kampuni moja ya nchi tatu iliyoundwa 1983 chini ya mwavuli wa CEPGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, ndiyo iliyokuwa na mtambo. Kituo cha Mururu II kilikuwa kando yake, na waya wa kilovolti 110 ulishuka bondeni mpaka Bujumbura. Ripoti ya mazingira ya aina tunayoijua leo hawakuwa nayo, na mto hawakuuhurumia. Lakini mwenye swali alijua mlango wa kubisha. Leo ukiuliza kuhusu maji unaelekezwa kwa mtambo, ukiuliza kuhusu mkuza unaelekezwa kwa mradi wa nyaya, ukiuliza kuhusu kituo unaambiwa subiri, shirika letu la umeme na maji, REGIDESO, litakabidhiwa.

Na kama mnataka shujaa wa kweli, mtafuteni Kihansi, kusini mwa Tanzania. Kazi ya bwawa la megawati 180 ilikuwa imeshaanza wakati watafiti, akiwemo Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipomkuta mwaka 1996 chura mdogo anayeishi ndani ya manyunyu ya maporomoko. Hakuwemo kwenye tathmini ya awali, kwa sababu mstari wa utafiti haukufika kwenye manyunyu. Maji yalipoelekezwa kwenye mtambo manyunyu yakakauka, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama Marekani, ndipo wakarudishwa Kihansi 2012. Howell na wenzake walifika pale ambapo tathmini ya awali haikufika. Nionyesheni mtaalamu wa siku hizi anayetembea mita mia moja nje ya hadidu zake bila kuuliza kwanza nani atalipia.

Turudi nyumbani. Ndani ya uzio, kazi huwa safi na sina la kuikosoa: karo la kukinga mafuta linalomeza asilimia 110 ya mafuta ya transfoma kubwa kuliko zote, kitenganishi cha mafuta na maji, kelele zisizozidi desibeli 45 usiku kwenye makazi. Wahandisi wanajua kazi yao.

Shida ya Bujumbura iko nje ya uzio. Mji huu umekaa kati ya milima inayomomonyoka na ziwa linalopanda. Usiku wa Februari 9, 2014 mvua moja ilishusha tope na mawe juu ya Kamenge, Kinama na Buterere, ikaua zaidi ya watu 60. Mto Ntahangwa unaendelea kula kingo zake na nyumba zilizo juu yake. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kukaribia kiwango cha miaka ya 1960, maji yakaingia Kibenga na Gatumba. Katika mji wa namna hii, kituo cha kupozea umeme ni uwanja uliosawazishwa na kushindiliwa, ukainuliwa ili usifurikwe. Vizuri, wenyewe hautafurikwa. Je, maji yaliyokuwa yakipita pale yatapita wapi? Swali hilo liko mita chache nje ya uzio, kwa hiyo si la mtu. Ripoti itaeleza mfereji wa ndani mpaka ukutani, kisha sentensi itaishia ukutani.

Vivyo hivyo waya unaotoka. Mkuza wa kilovolti 110 unaoingia utapata sura yake, ramani yake na fidia yake. Laini za kilovolti 30 na 10 zinazotoka kwenda mitaani, zinazopita juu ya mabati ya watu na kukata miembe ya Buyenzi, hizo ni "usambazaji", zina bajeti nyingine na mwaka mwingine. Wakati ndizo mwananchi anazoishi chini yake. Umeme wa mitambo ya Jiji na Mulembwe kutoka kusini na wa Ruzizi kutoka kaskazini unakuja kwenye mji huuhuu, na hakuna meza inayozijumlisha nguzo zake.

Makaa nayo, kero yangu ya siku zote. Kila ripoti inaandika kwenye ukurasa wa faida kwamba kituo kipya kitapunguza ukataji wa miti kwa kuwa watu wataacha makaa. Katika nchi ambayo takriban mtu mmoja kati ya kumi ndiye mwenye umeme, na mwenye umeme huo anauwashia taa na simu huku akipikia makaa kwa sababu ya bei na delestaji, yaani mgao wa umeme, hiyo ni faida iliyokopwa. Athari mbaya zinapimwa kwa mita mpaka ukutani. Faida zinapimwa mpaka milimani. Mpaka wa utafiti unanyumbuka pale tu unapompendeza mwenye mradi. Aliyeandika "misitu itapumua" alete hesabu ya magunia, kabla na baada.

Gesi ya SF6 iliyomo kwenye swichi pia huandikiwa mstari mmoja, eti kiasi ni kidogo. Kilo moja ya gesi hiyo inapasha anga joto zaidi ya mara 23,000 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Ripoti isiyotaja swichi zina kilo ngapi, na nani atazinyonya siku zikichakaa, haijapima kitu.

Nimalizie na kile ambacho mkasi hukitupa kila mara: kituo cha zamani. Kituo kipya kikiwashwa, transfoma kuukuu zinaondolewa. Zinakwenda wapi? Baadhi ya transfoma za zamani zilijazwa mafuta yenye PCB, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm uliziwekea nchi wanachama, Burundi ikiwemo, mwaka 2025 kuwa mwisho wa kuitumia kwenye vifaa na 2028 mwisho wa kuiteketeza salama. Nchini Kenya iliripotiwa kwamba mafuta ya transfoma yaliibwa na kuuzwa kukaangia chipsi. Sisi tuna mafundi wa kuchomelea kila mtaa, na mafuta mazito hayakosi mnunuzi. Lakini transfoma kuukuu haiko ndani ya uzio mpya, kwa hiyo haimo kwenye tathmini. OBPE, ofisi yetu ya kulinda mazingira, ikiletewa hadidu za rejea za kituo kinachofuata, izirudishe mpaka ziwe na ramani moja kutoka chanzo cha umeme hadi mita ya mwisho ya mteja, maji ya mvua yakiwemo, na orodha ya kila transfoma inayoondolewa: namba yake, lita zake, kipimo chake cha PCB, na jina la atakayeipokea.