Namna ya Kuijua Hesabu Njema ya Bahari

Ashukaye ngazi za Leven katika Mji wa Kale wa Mombasa, hata akafika yanapopiga maji ya Bandari ya Kale, hukanyaga kumbukumbu ya kazi kubwa, kwani jina lile ni la manowari ya Nahodha William Owen, ambaye baina ya 1822 na 1826 aliipima pwani yetu kwa bildi na kamba, na vipimo vyake vikawa amana mikononi mwa mabaharia wasiomjua. Leo hupima mitambo: tangu 1986 kujaa na kupwa kwa maji huandikwa Kilindini, na takwimu za bahari ya Kenya hutunzwa Mkomani, ng'ambo ya Bandari ya Kale, katika KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi. Walakini sharti ni lile lile, kwamba hesabu isihakikiwe kwa ajili ya mwenyewe tu, bali ihakikiwe kwa ajili ya mgeni atakayeiamini. Basi atakaye kuijua iliyo njema na aitazame kwa mambo manne.

La kwanza ni sanadi. Kama vile wanazuoni wa hadithi waulizavyo nani kapokea kwa nani kabla ya kuyapima maneno yenyewe, ndivyo tuulize chombo ni kipi, kilisawazishwa lini, na kimefungamanishwa na alama gani ya nchi kavu. Maana gati ikididimia sentimita mbili na alama ile isitazamwe, bahari itaonekana imepanda, hali iliyoshuka ni gati.

La pili ni wakati, na hapa makosa hujificha kuliko pengine pote. Baina ya kujaa na kujaa hupita saa 12 na dakika 25 hivi; kwa hiyo achanganyaye saa za Greenwich na zetu hukosea saa 3, na maji yaliyojaa yakaonekana yako nusu ya njia. Kosa la saa 6 ni baya zaidi, nalo ni letu hasa, sisi tuhesabuo saa tangu macheo: maji yaliyojaa saa kumi alasiri yakiandikwa 10:00, daftari litaonyesha kujaa wakati ule ule ambao mwamba uko wazi na watu wanaokota pweza. Mvuvi yeyote wa Mombasa ajua kwamba bamvua hujaa karibu na saa kumi, usiku na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Daftari lisemalo kinyume chake lisipokewe, hata tarakimu zake zikiwa nadhifu namna gani.

La tatu ni mizani ya majira. Wasimamizi wa maboya ya Argo, yapimayo bahari duniani kote, huanza na lango pana la dunia nzima, nyuzi -2.5 hadi 40 za joto, na lango hilo lafaa kuzuia upuuzi ulio dhahiri. Lakini nyuzi 29 za juu ya maji mwezi wa Agosti hupita langoni humo kwa salama, ilhali aijuaye kusi, ipoazavyo maji yetu hadi karibu nyuzi 25, hataacha kuzitilia shaka.

La nne, nalo ndilo kipeo, ni alama. Vituo vingi vya takwimu za bahari duniani huweka 1 kwa kipimo chema, 2 kwa kisichokaguliwa, 3 kwa chenye shaka, 4 kwa kibovu, na 9 kwa kisichopatikana. Wala kibovu hakifutwi, kama vile wanazuoni wasivyozichoma hadithi dhaifu bali huutaja udhaifu wake. Hekima ya jambo hili ilidhihiri tarehe 26 Desemba 2004, vyombo vya Lamu na Unguja vilipoandika mishtuko ya tsunami iliyotoka Sumatra: kwa mkaguzi mwenye pupa, mrukoruko kama ule ni chombo kilichoharibika, na lau angaliufuta, angalifuta ushahidi wa siku ile yenyewe.

Kwa hiyo, ukabidhiwapo vipimo vya miaka mingi visivyo na alama ya 3 wala ya 4 hata moja, usifurahi. Viogope, kwani ama havikutazamwa, ama vimesafishwa na mtu asiyetaka uone. Chagua vile ambavyo mkaguzi wake ameungama shaka zake mbele yako, na kipimo cha asili amekiacha pale kilipo.