Hasira ya Runingani na Mgawanyiko wa Taifa: Uhakiki wa Usemi Kuhusu Gesi ya Mtwara, 2012–2013

Sehemu hii inahakiki usemi wa kisiasa uliorushwa runingani wakati wa mgogoro wa bomba la gesi kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam. Hoja yake ni kwamba hasira ya wasemaji, wa serikali na wa upinzani vilevile, iligeuza swali la mgawo kuwa swali la utii. Waandamanaji wa Desemba 2012 waliuliza Kusini itabaki na nini; walijibiwa kwamba rasilimali ni ya taifa zima. Jibu hilo, ingawa ni sahihi kisheria, liliwaweka waulizaji nje ya taifa hilo, na uzalendo ukawa kipimo cha kunyamaza.

Mahurunga inaonesha kasoro ya kipimo hicho. Kata hii iko kando ya Mto Ruvuma, si mbali na visima vya Msimbati, na Wamakonde wake wana ndugu ng'ambo, Msumbiji. Kwa mtu wa mpakani, kuambiwa si mzalendo si kejeli ya mjadala tu. Ni kutiliwa shaka uraia wake.

Hata hivyo, runinga isibebeshwe lawama yote. Ghasia za 22 Mei 2013 zilizuka bajeti ya nishati ilipokuwa ikisomwa bungeni, lakini kinyongo kilikuwa cha zamani: reli ya Nachingwea–Mtwara ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Historia hiyo haienei katika dakika mbili za kufokeana. Mwaka 2016 TBC ilipoacha kurusha moja kwa moja vikao vya Bunge, kelele zilipungua sebuleni. Swali la mgawo halikujibiwa kwa hatua hiyo.