Kuzimua Asidi: Uhakiki wa Istilahi za Maabara

Kazi ya istilahi haikomi neno linapopatikana. Yapasa neno hilo lipimwe mikononi mwa wenye kulitumia. Katika makala haya tunayapima maneno machache yahusuyo utayarishaji wa mmumunyo wa asidi wenye ukolezi unaojulikana, kazi ambayo hufanywa katika maabara za shule za sekondari kabla ya mtihani wa kemia kwa vitendo.

Lugha ya mtihani huo ni Kiingereza. Hata hivyo, wengi wa wanafunzi wamepata elimu ya msingi kwa Kiswahili, na mwalimu atakaye kueleweka upesi, hasa penye hatari, hugeukia lugha hiyo. Tuchukue basi agizo ambalo mwalimu wa Kinyerezi, pembezoni mwa Dar es Salaam, angeweza kuliandika ubaoni: "Zimua asidi kali kwa maji." Ni maneno matano tu, lakini yana kasoro mbili, na moja yaweza kumpofusha mtu.

(a) Zimua. Mama mwenye maji ya moto ya kumwogesha mtoto huyazimua kwa kuyatia maji baridi. Kilicho kikali kimo chomboni. Chenye kukipoza hutiwa juu yake. Mazoea hayo, yakihamishiwa kwenye asidi ya salfuriki iliyokolea, huleta maafa. Maji ni mepesi kuliko asidi hiyo. Hukaa juu yake, hupata joto jingi kwa ghafla, huchemka na kurusha matone ya asidi usoni. Utaratibu ulio salama ni kinyume chake: asidi ndiyo imiminwayo katika maji. Hatusemi neno hili litupwe. Kama jina la dhana, "kuzimua" linafaa sana. Kama agizo, lisisimame peke yake.

(b) Kali. Neno hili hubebeshwa dhana mbili: nguvu ya asidi na ukolezi wake. Asidi ya hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita ina nguvu, ingawa imezimuliwa. Asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki, ni dhaifu hata ikiwa imekolea. Mwanafunzi aliyefundishwa "kali" kwa yote mawili hana njia ya kuzitenganisha. Kiswahili kina dawa yake: chumvi hukolea mchuzini, rangi hukolea nguoni. Hivyo tuseme "yenye nguvu" na "dhaifu" kwa tabia ya asidi, "iliyokolea" na "iliyozimuliwa" kwa kiasi chake. "Hafifu" tuliepuke, kwa kuwa huelekea kote kuwili.

(c) Mmumunyo. Wengine huandika "myeyusho". Lakini barafu huyeyuka bila kutiwa katika kitu chochote. Kwa hiyo twaona "mmumunyo" hubainisha zaidi.

Agizo lililosahihishwa lingesomeka hivi: "Ili kupata lita moja ya asidi ya salfuriki ya moli 0.1 kwa lita, kutokana na asidi ya moli 18 kwa lita, vaa miwani ya kinga na glavu. Pima sentimita za ujazo 5.6 za asidi. Imimine kidogo kidogo katika sentimita za ujazo 500 za maji yaliyokenekwa, huku ukikoroga. Iache ipoe. Ihamishie katika chupa ya ujazo, suuza bika na kutia masuuzo humo, kisha ongeza maji hadi alama ya lita moja."

Msomaji alitazame neno "hadi". Mwenye kuandika "ongeza lita moja ya maji" atapata mmumunyo wa ukolezi mwingine kabisa, na hesabu zote za darasa zitapotoka.

Agizo letu ni refu kuliko lile la kwanza, na wapo watakaodai kuwa istilahi njema hufupisha. Ni kweli, lakini ufupi unaoficha mpangilio wa vitendo si fadhila. Walimu wa kemia wenye maneno yaliyo bora zaidi wanaombwa watuandikie.