Kosa Ubaoni: Mwongozo wa Kutambua Ufundi wa Mwalimu

Mtu mjuzi aendaye Kamukunji, Nairobi, kununua sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni hatazami rangi wala maua yaliyochorwa juu ya kifuniko. Huligeuza sanduku chini juu, akapitisha kidole katika mikunjo ya bati, akazijaribu bawaba na kuzikagua ribiti zake, kisha ndipo akauliza bei. Mtu huyo huyo, akienda kumtafutia mwanawe shule katika mitaa ya Eastlands kama Jericho, Umoja au Kayole, huridhika na ukuta uliopakwa rangi juzi, na watoto walionyamaza, na maksi zilizoandikwa kwa herufi kubwa penye lango. Nimeona wazazi wenye akili nyingi na mapenzi makubwa kwa watoto wao wakiamua jambo hili kwa dalili dhaifu namna hiyo, si kwa uzembe, bali kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha mahali pa kutazama. Na kwa sababu naamini kwamba kuwafundisha watoto wa miaka tisa hadi kumi na miwili ni sanaa yenye mafundi wake na wababaishaji wake, nimeona ni wajibu kueleza ishara ambazo kwazo fundi hutambulikana. Iliyo kubwa kuliko zote, ambayo nyingine ni matawi yake, ni jinsi jibu lisilo sahihi linavyopokewa.

Jicho letu liliharibiwa na historia. Kuanzia 1966 kulikuwa na CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwaka 1985 mahali pake ikaja KCPE, ambayo watahiniwa wa mwisho waliifanya 2023. Na kwa muda wote huo, katika Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na mitaa jirani, ambako baba, mama na watoto walilala katika chumba kimoja au viwili, karatasi ile ya matokeo ndiyo iliyoamua ni nani atakayeingia sekondari yenye sifa na ni nani atakayebaki akirandaranda Barabara ya Jogoo bila shughuli. Si ajabu basi kwamba wazazi walijifunza kuziheshimu maksi peke yake, na walimu wakajifunza kuzizalisha kwa masomo ya alfajiri na mazoezi ya kukariri. Ada za shule za msingi za serikali zilipoondolewa Januari 2003, watoto zaidi ya milioni moja waliingia madarasani nchini mwote, na madarasa ya Eastlands yakafurika hata ikawa ni ushujaa mtupu kumjua kila mwanafunzi kwa jina. Mtaala wa umilisi, uliofika gredi ya 4 mwaka 2020, umebadilisha majina ya mambo mengi, ukaleta tathmini ya KPSEA katika gredi ya 6 tangu 2022, na kumkabidhi mwalimu kipindi cha dakika 35. Lakini jina jipya halimfanyi mtu kuwa fundi, wala jina kuukuu halikumzuia fundi wa zamani kuwa fundi.

Basi keti nyuma ya darasa la gredi ya 6, kwa idhini ya mwalimu mkuu, wakati wa hisabati, ungoje kosa. Halikawii. Mwalimu ameandika ubaoni nusu ijumlishwe na theluthi, na mtoto aliyenyanyua mkono kwa furaha amepewa chaki, naye ameandika mbili kwa tano, maana amejumlisha kiasi na kiasi, asili na asili. Sasa tazama. Mwalimu mbaya kabisa hukemea, na darasa likacheka; huyo hakuna haja ya mwongozo ili kumjua. Mwalimu wa kadiri, ambaye ndiye anayewapumbaza watazamaji wengi kwa kuwa ni mpole na mwenye adabu, husema, "Umekaribia. Nani atamsaidia mwenzake?" kisha akamwita mtoto hodari wa dawati la mbele, naye akaandika tano kwa sita, akapigiwa makofi, somo likaendelea, na yule wa kwanza akarudi kitini na dhana ile ile aliyokuja nayo, ila sasa imeongezwa woga. Mwalimu fundi hafuti. Huliacha lile jibu pale pale, hasemi ni kweli wala si kweli, akauliza darasa zima: kati ya mbili kwa tano na nusu, kubwa ni ipi? Watoto huchora mistari, hukunja vipande vya karatasi, hubishana wawili wawili, mpaka sauti moja itoke pembeni ikisema kwamba mbili kwa tano haifiki nusu. "Tulianza na nusu," mwalimu husema taratibu, "tukaongeza kitu, tukapata pungufu ya tulichoanza nacho?" Na aghalabu yule aliyekosea ndiye atakayeiomba chaki tena.

Mtazamaji mwenye haraka atasema kwamba dakika sita zimepotea kwa swali moja. Mimi nasema kwamba katika dakika sita hizo umeonyeshwa elimu ya miaka. Mwalimu yule alilijua kosa kabla halijatokea, kwa maana ni kosa la watoto wa dunia nzima. Naye hakuokota tarakimu zake ovyo, bali alichagua nusu na theluthi kwa kuwa jumla ile batili inakuwa ndogo kuliko kilichokuwepo tangu mwanzo, jambo ambalo mtoto anaweza kulithibitisha kwa macho yake bila ya kuambiwa na mtu. Kwa hiyo, ukibahatika kuonyeshwa andalio la somo, usivutiwe na unadhifu wa mistari wala wingi wa malengo. Tafuta mahali ambapo mwalimu amekisia watoto watateleza wapi na atawauliza nini wakiteleza. Maandalio mengi hayana mahali hapo hata kidogo.

Asiyepata ruhusa ya kuketi darasani anaweza kulisoma darasa lote jioni, katika daftari la mwanawe. Ukurasa wenye alama za vyema tupu, kutoka juu hadi chini, siku baada ya siku, haustahili shangwe unazopewa: ama kazi ni rahisi mno, ama mtoto amenakili ubaoni. Ukurasa wenye mkasi mwekundu juu ya kila jibu, bila neno lolote, ni hukumu isiyo na maelezo. Daftari zuri lina makosa, na chini ya makosa lina masahihisho yaliyoandikwa kwa mkono wa mtoto mwenyewe, na kando yake kuna alama ndogo ya mwalimu iliyowekwa, si kwenye jibu la mwisho, bali kwenye mstari ule hasa ambapo fikira zilipotea njia. Utaniuliza, mwalimu mwenye watoto sabini atafanyaje haya? Hawezi kuyafanya kwa wote kila siku, na asiyekubali hilo hajawahi kubeba mzigo wa madaftari sabini. Fundi huchukua machache kwa zamu, akayasoma kwa makini, akaona kosa lililoenea, akalifanya kuwa mwanzo wa somo la kesho. Madaftari kumi yaliyosomwa kwa uangalifu yana faida kuliko sabini yaliyopigwa vyema kwa pupa.

Sikiliza pia sauti za darasa, lakini usizisikilize kama wasikilizavyo wengi. Ukimya si dalili ya elimu, wala kelele si dalili ya ujinga. Kuna mtindo mmoja wa kufundisha uliotapakaa katika shule zetu ambao kwa masikio ya mgeni ni mtamu ajabu: mwalimu huanza neno, darasa zima likalimalizia. "Umbo hili lina pembe ta…" "Tu!" "Tumeelewana?" "Ndiyo, mwalimu!" Ni sauti moja, yenye nguvu na furaha, na ndani yake wamejificha watoto ishirini wasiojua lolote. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyepima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali, aliona kwamba kwa kawaida hawangoji zaidi ya sekunde moja hivi, na kwamba walipojizuia kwa sekunde tatu tu, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokuwa wakinyamaza walianza kusema. Saa yako ya mkononi yatosha kwa kipimo hiki. Mwalimu anayeweza kuuliza, akanyamaza, akavumilia, na asimwite yule mwenye mkono wa kwanza, amekwisha kushinda jaribu ambalo hata wazoefu hushindwa nalo.

Kuhusu lugha, mzazi asilewe Kiingereza cha mwalimu. Kuanzia gredi ya 4 masomo yote isipokuwa Kiswahili na lugha nyingine hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Eastlands, ambaye nyumbani husikia Kikamba, Kiluo, Kikuyu, Kisomali au Kiswahili cha Pumwani, na barabarani husema Sheng iliyolelewa katika mitaa hii hii, hulazimika kufikiri kwa lugha moja na kujibu kwa nyingine. Zamani dawa ilikuwa monto, kile kibao cha fedheha alichovishwa aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani, kikapitishwa kutoka mtoto hadi mtoto, kikiwafundisha kunyamaza kuliko kilivyowafundisha kunena. Mwalimu hodari wa sayansi humwacha mtoto aeleze kwa maneno aliyo nayo kwa nini nguo zilizoanikwa kwenye roshani ya Buruburu hukauka upesi siku ya upepo, hata kama maelezo yamechanganyika. Kisha, fikira ikishasimama, darasa zima huijenga upya kwa Kiingereza sahihi ubaoni. Anayekataa fikira kwa sababu ya vazi lake hupoteza vyote viwili.

Na insha ndiyo kioo cha mambo haya yote. Katika miaka ya KCPE, insha iliyotafutiwa maksi arobaini ilizoea kupambwa kabla haijawa na mwili: jua la matlai, ndege wakitumbuiza, msimulizi akiamka buheri wa afya, methali tatu katika aya moja, yote yakiandikwa na mtoto wa Dandora ambaye dirisha lake linatazama jaa. Siyadharau mapambo ya Kiswahili. Nayapenda, na mtoto asiyejua methali amenyimwa urithi wake. Lakini methali iliyowekwa mahali pasipo jambo haina kazi, na mwalimu anayeitia alama ya vyema anamfunza mtoto kusema asichokiona. Tafuta katika daftari la insha swali la mwalimu: ulisikia nini? aliyebeba mtungi alikuwa amevaa nini? makanga alisemaje hasa? Kisha tazama kama toleo la pili la insha limeyajibu. Mtoto aliyeandika foleni ya maji ya mtaani kwake, na mama mmoja aliyeruka zamu, na ugomvi uliozuka, akaitia methali moja mwishoni mwa ugomvi ambapo jirani mzee aliisema kweli, huyo ana mwalimu wa kweli.

Juu ya vikundi na chati za ukutani sina mengi. Vikundi vya watoto sita ambamo mmoja huandika na watano humtazama ni mpangilio wa viti tu; angalia kama kalamu inahama mikono. Chati iliyochorwa na mtoto, yenye neno lililokatwa na kusahihishwa, ina thamani kuliko kumi zilizonunuliwa.

Shughuli za nje ya kitabu, hata hivyo, zataka jicho makini, kwa kuwa hapa ndipo mtaala mpya umetukuzwa na kutukanwa kwa pamoja. Wazazi wamelalamika, na wana haki, kwamba wametumwa usiku kwenda saiba kuchapisha picha za rangi, kazi ambayo mtoto hakuigusa wala kuielewa. Shughuli njema hutumia kilichopo: sukumawiki iliyopandwa katika gunia na kupimwa urefu kila wiki, jedwali likachorwa; nauli ya matatu ya njia ya 58 ilivyokuwa asubuhi na ilivyopanda mvua ilipoanza, watoto wa gredi ya 6 wakatafuta ongezeko kwa asilimia; safari ya miguu hadi maktaba ya Makadara au ya Kaloleni, ambazo ni matawi ya Maktaba ya McMillan, kila mtoto akiwa na swali lake mwenyewe la kutafutia jibu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, yaliyochelewesha kufunguliwa kwa shule hadi 13 Mei, yaliwaachia walimu wa kando ya Mto Mathare na Mto Nairobi somo zima la sayansi na la jamii katika alama za matope zilizobaki kutani. Na mwalimu mwenye staha alijua pia ni mtoto gani asiulizwe habari za nyumba yake.

Chagua wakati wa kuzuru. Asubuhi ya Jumatatu kila darasa huonekana zuri. Nenda alasiri, baada ya watoto kugusisha bangili zao za mpango wa chakula wa Dishi na County na kula chakula chao cha shilingi tano, wakati joto limetulia chini ya paa la mabati na usingizi unawanyemelea hata wenye bidii, na kupitia ukuta mwembamba wa mbao wasikia darasa jirani likiimba jedwali la saba. Mwalimu anayeweza kuziamsha fikira saa nane mchana hana hila, ana kazi.

Na ripoti ya muhula ikija, ikisema kwamba mtoto anazidisha matarajio, anayafikia, anayakaribia au yu mbali nayo, usiishie hapo. Nenda kwa mwalimu, umsalimu kwa heshima anayostahili, umwulize ni kosa gani hasa ambalo mtoto wako analishughulikia sasa. Mmoja atakwambia kwamba mtoto ni mzuri ila acheze kidogo na asome sana. Mwingine atafungua daftari na kukuonyesha kwamba mtoto anadhani 0.45 ni kubwa kuliko 0.5, kwa kuwa 45 ni kubwa kuliko 5, kwamba yeye mwalimu amekuwa akimpimisha kwa rula tangu wiki iliyopita, na kwamba jana mtoto alipata mbili kati ya tano, zile mbili akiweza kuzieleza.