Uzio ulioinyima migunga adui

Ukitaka kujua mti unagharamia kiasi gani ulinzi wake, uondolee adui. Hivyo ndivyo ilivyofanywa huko Mpala, Laikipia, nchini Kenya, kuanzia mwaka 1995: sehemu za mbuga zilizungushiwa uzio wa umeme, tembo na twiga wakabaki nje.

Migunga ya pale, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ina miiba iliyovimba chini, mviringo na mitupu ndani. Sisimizi huitoboa wakahamia humo, na upepo ukipita kwenye matundu hayo mti hupiga mluzi. Kwenye vikonyo vya majani wanapata mbochi ya kunywa. Tembo akigusa tawi, wanammiminikia, na mkonga wenye nguvu za kung'oa mti ni laini ndani. Watafiti Jacob Goheen na Todd Palmer waliwapa tembo wachanga matawi ya mgunga huu yaliyoondolewa sisimizi: wakala bila shida. Kisha watafiti wakatia sisimizi kwenye matawi ya mgunga mwingine ambao tembo wanaupenda: tembo wakayakwepa. Basi anayeogopwa na tembo ni mdudu, wala si mwiba.

Turudi ndani ya uzio. Miaka kumi baadaye migunga ilikuwa imebana matumizi: miiba ya kuishi sisimizi ilipungua, mbochi nayo ikapungua. Ni sawa, mlinzi wa nini pasipo mwizi? Ila walinzi waliopunjwa posho walilegea, wakaanza kufuga zaidi wadudu-gamba wanaofyonza utomvu wa mti uleule. Nafasi ikachukuliwa na sisimizi wa aina nyingine, asiyehitaji miiba kabisa. Huyu hukaa kwenye mashimo yanayochimbwa na mabuu ya mbawakawa ndani ya shina, kwa hiyo hana sababu ya kuwafukuza mbawakawa hao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: migunga iliyolindwa na uzio ilikua polepole na kufa zaidi kuliko ile inayoliwa na twiga kila siku.

Kwangu mimi, ustadi wa jaribio hili ni subira. Lingefungwa mapema, huenda uzio ungesifiwa.

Siku hizi Laikipia imevamiwa na sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa, wanaowaua walinzi lakini hawaulindi mti. Tembo wanaivunja migunga, vichaka vinapungua, na simba wa hifadhi ya Ol Pejeta wanakosa pa kuvizia. Sehemu ya pundamilia katika mawindo yao ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi 42 mwaka 2020; sasa wanakabiliana na nyati.