Koma Iliyomeza Mauzo

Jumla ilitoka 963. Risiti tatu zilikuwa mezani mbele yangu: 1,250, 950 na 12,000. Mtoto wa darasa la nne angepata 14,200. Ulizo lenyewe lilikuwa la mstari mmoja tu, SUM ya safuwima ya kiasi, na MySQL ililijibu bila kigugumizi.

Shida ilianzia siku jedwali lilipoundwa: kiasi kilipewa aina ya VARCHAR, yaani maandishi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akawa anaingiza fedha kama alivyozoea kuziandika daftarini, na koma zake. MySQL ikiambiwa ijumlishe maandishi, huyasoma kuanzia kushoto, huchukua tarakimu, na ikikutana na kisicho cha namba inaishia hapo hapo. Kwa hiyo 1,250 ikawa 1, na 12,000 ikawa 12. 950 ndiyo pekee iliyopita nzima. Onyo lilitolewa, lakini hukaa kando mpaka uliite kwa SHOW WARNINGS, na mwenye duka anaisoma ripoti tu.

PostgreSQL ingekataa katakata kujumlisha maandishi, na ukilazimisha ubadilishaji, koma moja inaangusha ulizo zima. Wapo wanaouona ukali huo kuwa kero. Mimi naupenda: heri ulizo linalogoma asubuhi kuliko hesabu ya uongo inayogunduliwa wakati wa kufunga mwaka.

Kabla ya kusahihisha, nilitafuta rekodi ambazo hata zikiondolewa koma bado si namba. Zikajitokeza “Sh 5,000”, “3500/=” na nyingine zisizo na kitu. Ya kwanza ingehesabiwa sifuri kwa sababu ya herufi zilizotangulia. Ya pili ingeokoka kwa bahati, kwa kuwa alama zake ziko nyuma. Iliyo tupu ndiyo ya kuogopwa zaidi. CAST huigeuza sifuri, na sifuri hushusha wastani wa mauzo. NULLIF huifanya NULL, na AVG huiruka.

Ulizo likawa hivi:

SUM(CAST(NULLIF(REPLACE(kiasi, ',', ''), '') AS DECIMAL(12,2)))

Hiyo 12 ni idadi ya tarakimu zote, na 2 ni zile za baada ya nukta. Nilichagua DECIMAL kwa makusudi. FLOAT huhifadhi namba kwa mfumo wa sifuri na moja, ambamo 0.10 haiandikiki kamili, na tofauti hizo ndogo zikijumlishwa mara maelfu, vitabu havilingani.

Safuwima ya zamani sikuifuta. Niliongeza mpya ya DECIMAL, nikahamishia humo kiasi kilichosafishwa, na zenye utata nikampelekea mwenye duka azilinganishe na daftari lake. Namba za simu za wateja niliziacha zibaki maandishi: hakuna anayezijumlisha, na zinaanza na 0 ambayo ingepotea.