Wazee Wanaosahau: Kitabu cha Swinton Kisomwapo Unguja

Kitabu cha John Swinton, Dementia: Living in the Memories of God (2012), chastahili kusomwa na kila mchungaji anayetembelea wazee. Mwandishi alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kabla ya kufundisha theolojia huko Aberdeen, Uskoti, na jambo hilo laonekana katika kurasa zake. Anaandika juu ya demensia, yaani maradhi ya ubongo yamwondoleayo mtu kumbukumbu, lugha, na hatimaye uwezo wa kujihudumia.

Kwa muda mrefu waganga waliutazama ubongo tu. Tom Kitwood, katika Dementia Reconsidered (1997), alidai kwamba mgonjwa huumizwa pia na jinsi anavyotendewa: anapoharakishwa, anapodanganywa, anaposemwa mbele yake kana kwamba hayupo, anapofanywa mtoto. Utu, kwake, ni hadhi ambayo mtu hupewa na wenzake.

Msomaji wa Unguja atadhani Kitwood anaeleza baraza la Mji Mkongwe. Mzee aliyesahau majina ya wanawe huketi hapo asubuhi. Wapitao humwamkia shikamoo, naye hujibu marahaba bila kukosea. Salamu haimdai kumbukumbu. Hata hivyo husemwa kuwa “amerudi utotoni”. Msemo huo humwondolea lawama, lakini humwondolea na kauli pia, hata wanawe wakauza kiwanja chake pasipo kumwuliza.

Swinton anauliza lililo gumu zaidi: ikiwa utu hutolewa na watu, itakuwaje watu wakiondoka? Ngazi za nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina mwinuko mkali. Bibi asiyeweza tena kushuka hubaki ghorofani. Baraza liko chini, na salamu za wapita njia hazimfikii. Swinton ajibu kwamba bibi huyo angali katika kumbukumbu ya Mungu, na kukumbuka kwa Mungu ni kutenda. Mungu alipomkumbuka Nuhu, maji yalianza kupungua (Mwanzo 8:1). Hapo nakubaliana naye kabisa.

Ningependa tu aseme zaidi juu ya binti, au mke wa mwana, aamkaye usiku kubadili shuka. Unguja wajibu wa kumtunza mzazi haubishaniwi, msikitini wala kanisani. Kwa sababu hiyo hiyo mtunzaji haulizwi hali. Pensheni jamii iliyoanzishwa na Serikali ya Mapinduzi Aprili 2016, Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, ilikuwa na uzuri wake: haikujali mzee aliwahi kuajiriwa wapi. Lakini haikuwa ujira wa yule anayekesha naye.

Mwanafunzi wetu atumwaye kutembelea nyumba kama hiyo apande ngazi, amwamkie bibi kwanza, kisha amwulize binti ni lini alilala usiku mzima.